Mama Mdogo Amelala

Kufikia saa sita mchana, mwoka mikate alikuwa ameshaona jumba la wafalme wa zamani, daraja la chuma na bustani yenye bata wengi kuliko watu, na miguu ilikuwa imemvimba ndani ya viatu alivyonunua kwa ajili ya safari. Mumewe, fundi saa, ndiyo kwanza amepamba moto. Kila sanamu alitaka kuipiga picha, na katika kila picha kidole gumba chake kilichungulia pembeni.

"Tumevuka mpaka kuja kuangalia farasi wa shaba?" mkewe alimuuliza. "Twende kwa Mrefu anakotungoja, nikalie kiti cha watu."

Mrefu na fundi saa walikuwa marafiki tangu shule. Bwenini walilala kitanda kimoja, kichwa huku miguu kule. Baadaye Mrefu alihamia nchi hii, akaoa muuguzi ambaye mwoka mikate alizoea kuongea naye kwa simu tu. Basi wakapanda treni, pacha wao wakigombania dirisha, kisha wakapanda ngazi mpaka kwa Mrefu, ghorofa ya nne, wakihema.

Mrefu alifungua mlango kwa kicheko kikubwa mno. Nyuma yake, karibu na begi la nguo lililojaa, alisimama mkewe, amevaa koti, macho mekundu.

"Mama mdogo, na wewe unasafiri?" pacha mmoja aliuliza.

Fundi saa, mtu wa kusikia saa iliyochelewa lakini si nyumba iliyonuna, akafurahi. "Kumbe mnatupeleka matembezi!"

Mwoka mikate alitupa jicho jikoni. Jiko baridi, sufuria zimefudikizwa. Akamshika muuguzi mkono, akaingia naye chumbani, akafunga mlango.

"Niambie, mwenzangu."

"Nimetoka zamu ya usiku. Wiki nzima sijalala vizuri. Nafika mlangoni ndiyo ananiambia mnakuja kula mchana, na yeye alijua zamani! Nikamwambia apike mwenyewe, mimi naenda kulala kwa rafiki yangu wa kazini." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Usinifikirie vibaya. Nilitamani sana kukuona, lakini si hivi."

"Ningekuwa mimi, ningempiga na hilo begi."

Muuguzi alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Mwoka mikate akamvua koti na viatu kama anavyowavua pacha, akamlaza, akavuta pazia.

"Lakini nyinyi ni wageni..."

"Wageni tulikuwa kule kwa wafalme. Lala."

Alitoka akiwa ameshakunja mikono ya gauni. Aliwaambia pacha kwamba mama mdogo amelala, na atakayepiga kelele ataosha vyombo. Wanaume aliwapa vitunguu na visu. Yeye akatafuta unga.

"Na mnara je?" mumewe alinong'ona. "Tulisema tutapanda mnara."

"Mnara hauna miguu. Menya."

Mrefu alikata vitunguu akilia, na si kwa vitunguu tu. "Shemeji, tangu nije huku sijapokea mtu wa nyumbani. Niliogopa nikimwambia mapema atasema hawezi, ndiyo nikanyamaza."

Moyo wa mwoka mikate ulilegea. Alikuwa amejiandaa kumsema mpaka achoke. "Hayo umwambie yeye," alisema. "Mimi kinachonihusu ni vitunguu."

Muuguzi aliamka jioni, alama za mto shavuni, akifuata harufu ya mkate. Mrefu alisimama, akamvutia kiti, akamweleza mbele ya wote, kwa kigugumizi, alichoogopa. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia, ningebadilishana zamu," alisema. "Sasa nipe mkate, nina njaa."

Walikula mpaka treni ikawa karibu kuwaacha. Ngazini muuguzi alimkumbatia mwoka mikate kwa muda mrefu.

"Safari ijayo unipigie mimi."

"Nitakupigia wewe. Hawa tutawaambia tukishafika."

Ndani ya treni fundi saa alilalamika kidogo kuhusu mnara. Mkewe alikuwa amevua viatu, amelala fofofo begani kwake, na pacha wote wawili mapajani.