Dai la Tatu Limeondolewa

Selina alijua kuna kitu pale alipomwona wakili wao, Mayala, anampigapiga mgongoni wakili wa serikali, wanacheka kama watu waliooa nyumba moja. Selina mwenyewe yuko kwenye benchi la korido ya mahakama, miguu imevimba. Ametembea kutoka Kiseke, na tumboni hana hata uji. Tangu Shirika la serikali lizungushe senyenge mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, mwezi wa nane sasa, hana pa kuanika dagaa. Na asiye na pa kuanika anauza nini?

"Shikamoo, Mama Kija." Mayala akaja mbio na karatasi.

"Marahaba. Mlikuwa mnacheka nini?"

"Aa, mambo ya shule hayo! Tulisoma wote. Sikia, mama. Madai yetu matatu: vibanda vilivyovunjwa, dagaa waliofukiwa na tingatinga, na mwalo wenyewe. Hilo la mwalo ni zito. Siku hizi soko huria, mwekezaji wa kiwanda cha minofu ya samaki keshaonyeshwa eneo. Tukiliondoa kwa makubaliano, mawili yaliyobaki yanapita kama maji."

Selina akaikodolea karatasi. Imepigwa taipu, tarehe ya leo, majina ya kina mama wote kumi na wanne, la kwake juu.

"Mwanangu, mimi sijakubali bado. Hii imepigwa taipu saa ngapi?"

Mayala akakohoa. "Ni kurahisisha kazi tu."

"Kazi ya nani?"

Akeyo, mdai mwenzake aliyeanika naye dagaa kwenye jiwe moja miaka kumi na moja, akamfinya. "Dada, kubali bwana! Tutakula kesi? Mimi na wanangu tunalala kwa shemeji, na shemeji ameanza kuhesabu vijiko."

Selina akawaza vikao vya ukoo wao. Kwao, mkigombania mpaka, mmoja anaanza kuachia kipande, na wa pili lazima naye aachie, palepale, watu wanamtazama. Babu yake aliachia kisima, akarudishiwa shamba. Hata mwizi wa ng'ombe anaijua hiyo. Serikali ishindwe na mwizi?

Akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi, huku anawaangalia Mayala na Akeyo.

Ndani, jaji akasoma: dai la tatu limeondolewa kwa makubaliano, wadai hawadai tena chochote juu ya eneo lile. Ni sahihi?

Selina akasimama. "Ni sahihi, Mheshimiwa. Sisi tumeachia mwalo. Sasa na wao waseme wanaachia nini."

Watu wakacheka. Wakili wa serikali naye akacheka, kwa upole kabisa. "Mama, sisi ndio tumeshtakiwa. Hatuna dai. Tuachie nini?" Kisha akamgeukia jaji, sauti ikabadilika. "Mheshimiwa, kama eneo hawalidai, basi pale walikuwa wavamizi. Vibanda vya mvamizi havilipwi, wala dagaa wake. Naomba na hayo mawili yatupwe."

Jaji akamtazama Mayala. "Wakili wa wadai, una pingamizi?"

Mayala alikuwa anafunika kalamu yake.

"Sina, Mheshimiwa."

Jaji akaandika kwa muda mrefu. Uamuzi, akasema, watapewa tarehe.

"Kaa chini, mama," askari akamwambia Selina.

Hakukaa. Kwao ukiachia hukai mpaka mwenzako aachie. Alikuwa amemkazia macho yule wakili wa serikali, anamsubiri, na karani keshaita kesi ya watu wengine.