Sabuni ya Mafuta ya Samaki

Mke wangu huzunguka kwa wakaangaji wa mtaani akikusanya mafuta yaliyokwisha kazi. Huyachuja kwa kitambaa, huyachemsha na maji ya chumvi mpaka harufu iishe, ndipo huyapika yakawa sabuni. Inatakatisha hasa. Lakini mdogo wake, fundi saa anayekaa kwetu, hakuwahi kuigusa.

"Mimi nioge masalio ya makarai ya watu? Dada, nina hadhi yangu."

Siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, sabuni yake ya manukato ikamwishia. Nikamwona ananyata hadi stoo, akachomoa kipande rafuni. Mke wangu naye alimwona. Kipande hicho kilitokana na mafuta ya mkaanga samaki, tena hayakuchemshwa. Kilikuwa cha kusugulia sakafu ya choo.

"Mwambie basi," nikanong'ona.

"Mwizi haelekezwi," akajibu, akaendelea kufunga kilemba.

Tulitoka watatu. Paka wa jirani akatufuata. Kufika kona, paka wakawa wanne. Shemeji akawatishia kwa kiatu. Wakarudi na hamu zaidi.

"Dada, kwani nanuka?"

"Unang'aa, mdogo wangu." Akajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamcheza.

Mimi sikucheka. Baba wa binti alikwisha kukataa wachumba wawili, mmoja kwa kosa la kutafuna bazoka tu.

Sebuleni kwao mzee alivuta pumzi moja, akakunja uso, akafungua kinywa. Kabla hajatamka, paka mweupe, mnene, akachomoka chini ya kabati, akamrukia shemeji mapajani na kuanza kumlamba kiganja.

Bibi wa binti akashika kifua. "Huyu paka! Hata mimi ninayemlisha hunikwaruza!"

"Mama, lakini huyu kijana ana..." mzee akaanza.

"Ana moyo safi! Mnyama hahongeki. Wewe umefukuza wawili, unataka binti azeekee jikoni kwangu? Mimi nimempokea."

Mzee akafumba kinywa. Mama yake akishasema, kwisha habari.

"Jumapili uje tena, mjukuu wangu," bibi akasema. "Na usikose Jumapili nyingine. Huyu paka atakungoja."

Shemeji akajinusa kiganja kilicholowa mate na kunuka samaki. Akamwinamia mke wangu sikioni.

"Dada, yule mkaanga samaki anafungua saa ngapi?"