Sweta Arobaini za Bluu

Kwenye kituo chetu cha kulelea walemavu wananiita Spika, kwa sababu wageni wakija mimi ndiye ninayesimama kushukuru. Asiyeona mwenye ulimi mtamu, wageni wanampenda sana. Wakishaondoka, wenzangu hunitania kwamba nikiendelea hivyo nitashukuru hata nikinyeshewa mvua.

Asubuhi ile ya ziara ya wanafunzi, Mama Mlezi alinifunga kitambaa cha kichwa mwenyewe, akaniketisha mbele ya ukumbi na kuninong'oneza, "Leo watakusalimia kwa mbali, mdogo wangu. Usiwashike mikono. Watoto wa siku hizi waoga."

Ilinichoma, lakini nikameza. Kwa miaka kumi na moja huyo ndiye aliyekuwa macho yangu. Alinikata kucha, alinisomea barua, aligombana na madaktari kwa ajili yangu. Akisema watoto ni waoga, basi ni waoga.

Sasa niwaeleze habari ya mashine. Nina mashine ya kufumia sweta, niliyoachiwa na marehemu shangazi. Mwaka jana shule ya wanafunzi hao iliagiza sweta arobaini za bluu. Nilifuma miezi mitatu mpaka vidole vikaota sugu. Kwa malipo ya kazi ile ningehama kituoni. Chumba nilikwisha kukikagua kwa mikono yangu, karibu na zahanati, mlango wenye komeo la ndani. Nyinyi mnaojifungia milango yenu kila siku hamjui utamu wake. Vidole vinanitosha kwa kila kitu isipokuwa rangi, kwa hiyo uzi alinipa Mama Mlezi, bunda kwa bunda, na mimi nikafuma.

Yeye ndiye aliyezipeleka shuleni. Aliporudi alikaa kitandani kwangu, akanishika magoti.

"Wamezikataa. Nusu bluu, nusu nyeusi. Nadhani mabunda yalichanganyika ulipoyapanga upya. Na wengine walicheka, sitakuficha."

Nililia mpaka kwikwi. Nani atampa kipofu kazi tena? Nilimwomba ampigie simu mwenye chumba, amwambie siji. Alipiga palepale, hata machozi hayajanikauka. Mashine niliifunika shuka, na tangu siku hiyo sikuigusa.

Basi wanafunzi wakaingia, wakaimba, mwalimu wao akahutubia kuhusu upendo kwa urefu wa kutosha. Ukafika wakati wa zawadi. Mama Mlezi alikuwa mlangoni akihangaika na maji ya wageni, na msichana mmoja akaja hadi kwangu, bila woga wowote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Alipoinama kuniwekea sabuni mapajani, mkono wa sweta yake ulinipitia vidoleni. Nikaukamata.

Mimi pindo la mkono hulikunja mara mbili. Kwenye mkono wa kulia hufunga na fundo dogo kwa ndani, kama punje ya mtama, nijue upande bila kumuuliza mtu. Fundi mwenye macho halihitaji fundo hilo. Nilipapasa. Lilikuwepo.

"Sweta yako rangi gani, mwanangu?"

"Bluu."

"Yote? Hata mikono?"

Akacheka. "Yote, shangazi. Sote tumevaa bluu. Ukija na rangi nyingine unarudishwa nyumbani."

Nilimwomba aniitie mwalimu wake, nikamuuliza sweta zile kafuma nani.

"Kuna fundi mmoja, Mama Mlezi ndiye anamjua," mwalimu akasema. "Hodari kweli! Tulitaka nyingine, tukaambiwa ameacha kazi."

Mara nikasikia nikiitwa. Spika wetu atoe shukrani. Mama Mlezi akaja kunisimamisha, mkono wake begani kwangu kama siku zote.

"Wanangu," nikasema, "kwa sauti moja, niambieni. Mmevaa sweta za rangi gani?"

"Bluuuu!" Walidhani ni mchezo.

"Hakuna hata mmoja mwenye nyeusi?"

"Hakunaaaa!"

Mkono ukaondoka begani.

"Ahsanteni. Nilizifuma mimi." Nikakaa. Hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Mama Mlezi alinifuata hadi chumbani akilia. "Ungeondoka, mdogo wangu. Ukianguka huko peke yako, nani angekuokota? Na hapa wageni wanakuja kwa ajili yako. Nilikutakia usalama tu. Pesa yako yote ninayo, sijaigusa. Haki ya Mungu, nimekudanganya mara ile, na leo asubuhi ili usiziguse sweta, basi."

Angeniambia nimefuma vibaya, ningebishana naye mpaka jua lizame. Hakuthubutu. Alichagua rangi, kitu pekee nisichoweza kubishia.

"Toka," nikamwambia. "Niitie yule mtoto aliyenipa sabuni."

Mtoto alipokuja, nilifungua sanduku nikamtolea nguo zangu moja moja, anitajie rangi. Gauni jekundu. Jingine la zambarau, lenye maua meupe. Sketi ya kijani. Kanga mbili za njano, moja imepauka. Kila aliponiambia nilizidi kubana meno, kwa maana nilikuwa nazijua zote, na zote zilikuwa vilevile alivyoniambia Mama Mlezi, mpaka maua yale. Nilitamani hata soksi moja tu iwe ya uongo, nipate kumchukia kwa raha.

"Nizirudishe sandukuni, shangazi?"

"Hapana. Zitie kwenye begi."

Kumbe ni kweli, alinidanganya juu ya sweta zile tu. Miaka kumi na moja ya ukweli, ndiyo maana siku ile sikumuuliza mtu mwingine.