Beseni Lisilopigwa

Kapinga aligeuza chisense, dagaa wa ziwa Mweru, kwa ufagio wa majani, taratibu, asiwavunje vichwa. Mchanga wake ulikuwa mdogo, wa kutandika mikeka miwili mitatu. Wa jirani yake Mwenya ulienda mpaka kwenye matete. Dagaa hawa wanataka jua la kutosha. Mvua ikiwapata wakiwa nusu wakavu wanageuka uji, wananuka, na hata bata hawawagusi.

Mwenya alikuwa kanisani; siku hiyo ni wao wawili tu walioanika. Asubuhi alipita hapo na kitenge kipya kiunoni, akinukia sabuni.

"Bana Chouchou, utaniangalilia samaki?" Ndivyo Wabemba wanavyomwita mama, kwa jina la mtoto wake, na Mwenya alimwita hivyo kwa sauti tamu ya jirani mwema. "Kesho mununuzi wa Kitwe anakuya. Hizi zote ni zake."

"Enda tu, Mama Saviour. Mi niko hapa."

Kapinga akatabasamu pia. Tabasamu hilo lilimuuma mashavu mpaka mchana.

Tangu avuke kutoka Pweto, Kongo, kuingia Zambia na watoto wake, alikuwa akianika samaki bega kwa bega na Mwenya. Ilipokuja corona, wanunuzi wa Kongo hawakuonekana tena, na samaki wa Kapinga walikaa kwenye magunia mpaka wadudu wakawamaliza. Ndipo gari la serikali likapita na kipaza sauti: wafanyabiashara wadogo wangepewa msaada wa pesa, wenyeji na wakimbizi, kwa njia ya simu. Kapinga hakuwa na laini ya Zambia. Wakimbizi wengi hawakuwa nayo, na kila mmoja alitafuta jirani wa kumwazima namba. Kapinga hakutafuta mbali. Alitoa namba ya Mwenya, na usiku ule akalala usingizi mnono, maskini.

Msaada haukufika. Kila alipouliza, Mwenya alisonya.

"Serikali iko inasahau batu, dada."

Kapinga aliuza sufuria, kisha kitanda. Chouchou akaacha shule akaenda kulima mihogo ya watu, na hajarudi darasani mpaka leo. Miezi hiyohiyo Mwenya alinunua turubai jeusi, jipya, la kufunikia samaki.

Alhamisi iliyopita ndipo Chipego, mwenye kibanda cha kutolea pesa za simu, alipomfungua macho bila kujua anafungua nini.

"Ile ya corona ilikusaidia, mama? Mwenya alikuya kutoa franga, yake na yako, siku moja. Alisema we mugonjwa."

Kapinga akasema ndiyo, ilimsaidia sana. Akaenda nyumbani, akapika, akala na watoto, akaosha vyombo. Lakini chuki ilimkaa tumboni kama bukari, ugali wa jana, na tangu siku hiyo haikushuka wala kupanda.

Sasa, jua likiwa bado kali, aliinua kichwa akaliona wingu. Lilikuwa linatoka upande wa Kongo, zito, na chini yake maji ya ziwa yalikuwa yameshabadilika rangi.

Ufukweni hapa kuna desturi ambayo hakuna aliyeifundisha na kila mtu anaijua. Anayeliona wingu kwanza hupiga beseni. Likilia tu, watu hutoka mbio, hata walio kanisani, hata mchungaji na viatu vyake vya kung'aa, na kila mmoja huokota samaki walio karibu na miguu yake, wawe wa nani. Kugawana ni baadaye, chini ya bati. Anayeokota wake na kuwaacha wa jirani hapewi tena mchanga wa kuanikia.

Kapinga alilishika beseni. Mkono mwingine ukaokota jiwe.

Angeweza kuwazoa wake kimyakimya. Wachache vile, ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini watu wangekuta kwake kutupu na kwa Mwenya kumejaa, na wangeelewa. Kuwaokoa wake ilikuwa ni kumwokoa Mwenya. Na wale wachache ndio waliokuwa chakula cha wiki, ndio sabuni, ndio dawa ya kifua ya mtoto wake mdogo. Aliwatazama muda mrefu kuliko alivyoliangalia wingu.

"Basi tuoze siye bote," alisema kwa sauti.

Akalitupa jiwe ziwani. Akaketi juu ya turubai jeusi la Mwenya, lililokunjwa vizuri pale pale, akapakata beseni. Na tusidanganyane: alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi pumzi yake kushuka mpaka chini.

Tone la kwanza lilimpiga shingoni. Kisha ikaja yote kwa pamoja. Chisense wa Mwenya walipoteza mng'ao wao, wakajikusanya, wakaanza kuteleza. Kapinga aliwatazama kwa utamu, kama mama anayetazama harusi ya mwanawe.

Mwenya alitokea njia ya kanisani, peku, kitenge kimeshikwa mkononi.

"Mayo! Mayo! Beseni! Juu ya nini haukupiga?"

Kapinga alilikumbatia beseni. Alisubiri amwone akikimbilia mali yake, akigaagaa juu yake, akilia. Picha hiyo alikuwa amelala nayo na kuamka nayo. Lakini mtu anayetoka kanisani hufika kwanza kwenye mchanga wa Kapinga, na Mwenya alipiga magoti hapo hapo, akaanza kuzoa kwa mikono miwili, akitia ndani ya kitenge kipya.

"Acha zangu."

"Ndio zenye ziko karibu!" Mwenya alipiga kelele bila kuinua kichwa. "Leta beseni!"

Hasira iliyompanda Kapinga ilikuwa mpya kabisa. Kumbe hata kisasi huyu mwanamke alitaka kumwibia!

"Ile franga ya corona," alisema. "Chipego aliniambia."

Mikono ya Mwenya ikasimama. Maji yalimtiririka kutoka kwenye nywele mpaka kidevuni.

"Sema na kinywa chako."

"Nilikula." Sauti yake ilikuwa ndogo, mvua nusura iimeze. "Saviour alikuwa na njaa. Batoto bote balikuwa na njaa, Bana Chouchou."

"Na bangu? Bangu balikuwa na nini?"

Mwenya alijifuta maji usoni. Aligeuza shingo kutazama upande wake, ambako samaki wa mnunuzi wa Kitwe walikuwa wakirudi ziwani kwa vijito vidogo. Hakuinuka kuwafuata. Alinyoosha mkono, akalichukua beseni mapajani mwa Kapinga, akalijaza chisense waliolowa, wa Kapinga, akiwazoa pamoja na mchanga. Akalisukuma mpaka miguuni pa jirani yake.

Kapinga alisimama. Akaliinua beseni, zito kwa maji, akawamwaga samaki wote pale walipozolewa.

Mwenya alilitazama rundo. Halafu akainama, akaanza tena kuokota. Kapinga akaliweka beseni tupu mbele yake, akakunja mikono kifuani katikati ya mvua, akangoja lijae.