Sahani ya Pili

Alhamisi, tarehe tisa Agosti 1956, saa saba mchana, mkubwa wetu wa serikali ya Wabelgiji aliomba sahani ya pili ya samaki wangu, na mke wangu akafa.

Nieleze taratibu. Mimi, Cyprien, nilikuwa mpishi wake mjini Kisangani. Nyumbani kwangu na kwa Célestine ni ng'ambo, Lubunga. Siku ile mkubwa alikuwa avuke mto kupanda treni ya Ubundu. Nilimpikia samaki aitwaye kapiteni kwa ngai-ngai, yale majani machachu ambayo Célestine alinifundisha kuyatia mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshaepuliwa. "Haya hayangoji mtu, papa," alikuwa akiniambia. "Ukiyachelewesha motoni, yanalala." Mkubwa alifuta mchuzi kwa mkate, akasema, "Cyprien, leta tena." Nikaleta. Nilifurahi, sitaficha.

Kumbe kivuko kilikuwa kimefungwa gatini kikimsubiri mkubwa amalize kula. Na kule Lubunga Célestine alikuwa amelazwa juu ya mkeka, tumbo limemkaza tangu asubuhi, akisubiri kivuko hicho hicho kimfikishe hospitali. Mitumbwi ilikuwa imefukuzwa, maana mkubwa akivuka, mto sharti uwe na adabu. Kivuko kilipofika upande wao walimshusha mkubwa, wakashusha gari lake, ndipo wakamtazama mke wangu. Hakuwa tena na haja ya kuvuka.

Tangu siku ile ulimi wangu ulifunga duka. Nilipika kwa macho na pua, kuonja sikuonja. Nilizunguka ofisi tatu nikiuliza ni nani aliyemwamuru nahodha asubiri. Ya kwanza ilinituma kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, ya tatu ikaniambia nivue kofia. Wenye madaraka wana mihuri ya kila kitu, ila wa jibu hawana.

Mwaka wa 1958 mkubwa huyo huyo alichagua watu kumi na wawili wa kupeleka Brussels kwenye yale maonyesho makubwa ya dunia. Akanitia nami, nadhani kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza. Vyakula vya Ulaya nilivitazama kama kiziwi anavyotazama ngoma. Kome weusi, wamerundikwa chunguni kama mkaa. Viazi wanavikaanga mara mbili, jambo la akili, nakiri. Kahawa tulifahamiana: ilitoka kwetu, ikavuka bahari, ikapata cheo.

Siku ya mwisho tulipelekwa kula mkahawani, karibu na soko la samaki. Kisangani, mahali pa namna hiyo niliingia kwa mlango wa jikoni tu. Hapa tulivutiwa viti. Mkubwa na wenzake walikaa pembeni, kwenye meza yao. Évariste, karani anayesoma hata kilichoandikwa chini ya sahani, alituagizia mikunga, samaki warefu kama nyoka, katika mchuzi wa majani.

Sahani ilipotua, harufu ilinishika shati. Uchachu! Wa mbali, lakini wa ukoo mmoja na ngai-ngai. Mkono ukaenda wenyewe mdomoni. Nikaonja, baada ya miaka miwili. Majani yalikuwa yamelala fofofo. Hasira ikanipanda, na nyuma ya hasira ikaja njaa.

Nikamwinulia mhudumu mkono. "Rudisha hii jikoni."

"Papa Cyprien!" Évariste alinong'ona. "Iko nini? Kula tu, utatupatisha haya!"

"Haya ni ya aliyepika."

Mpishi akatoka mwenyewe, mama wa Kibelgiji mwenye mikono myekundu, jina lake Colette. Aliuliza kwa Kifaransa ni nani anayesema mchuzi wake ni mbaya. Nami nikamjibu kwa Kifaransa changu cha jikoni, "Si mbaya, mama. Majani yamengojeshwa."

Alichovya kidole, akalamba, akanitazama. Kisha akacheka kwa tumbo zima. "Yako motoni tangu asubuhi. Bon. Subiri, monsieur."

Monsieur, yaani bwana! Évariste alikohoa mpaka akapigwa mgongoni.

Sahani mpya ilikuja ikiwa ya kijani kibichi. Tonge la kwanza, taya zikanikaza, macho yakajaa maji, na Célestine akawa yupo, mwiko mkononi, akiniuliza kama chumvi imetosha. Imetosha, mama. Imetosha kabisa.

Nilikuwa nafikia mwisho wa sahani pale mkubwa alipokuja na kofia yake mkononi. "Cyprien, simama. Bisi iko inangoja. Waziri iko anangoja."

Watu wote wa meza yetu waliinuka. Mimi nilikata kipande cha mkate, nikafuta mchuzi polepole, pembe kwa pembe, kisha nikaielekeza sahani jikoni.

"Mama Colette, leta tena!"

"Papa, unatuua," alisema Évariste, lakini akaketi. Wakaketi mmoja mmoja, wote kumi na mmoja, mmoja wao akiagiza yake. Mkubwa alitazama mlango, akatazama saa, akamtazama Colette aliyekuwa akija na sahani juu juu kama bendera. Mwisho akavuta kiti mbele yangu, akakaa, kofia magotini.

Nilikula bila haraka. Mchuzi ulikuwa mtamu kuliko wa kwanza. Nilipomaliza nikajifuta mdomo kwa kitambaa cheupe, nikamwangalia machoni.

"Bwana, Alhamisi ile, ni nani aliyemwambia nahodha asubiri?"