Kochi la Wageni

Sponji iliyokunywa mkojo kwa miaka hainuki mkojo. Inanuka maziwa yaliyochachia kwenye nguo, na harufu hiyo haitoki kwenye kucha kwa sabuni wala kwa limau. Hayo nimeyajulia kwenye karakana ya makochi, mahali ambapo Baba huwaambia watu kwamba sipo. Akiulizwa habari zangu husema, "Yupo tu, anasubiri chuo." Sisubiri chuo chochote. Nilipomaliza shule nilisema kweupe kwamba nataka kushona makochi. Mama akafurahi, Baba akatia pamba masikioni, na mpaka leo hajaitoa.

Bosi wangu tunamwita Starehe, kwa sababu mteja akishakaa tu, yeye huinama na kumuuliza, "Starehe?" Ana mikono ya kazi, hilo simnyimi. Ana pia chupa ya manukato ya waridi. Mteja analipia sponji mpya. Starehe anaichukua ile ya zamani, anaigeuza chini juu, anaivika tabaka jipya jembamba, anaipulizia waridi, kisha anaifunika kwa kitambaa cha kupendeza macho. "Mtu hakai ndani ya kochi," hutuambia. "Anakaa juu yake." Wenzangu hucheka. Mimi huchukua ufagio.

Pale kwake mwanafunzi haitwi fundi kwa cheti. Unapewa kochi ulishone peke yako, mwenye kochi anakuja kulikalia mbele ya karakana nzima, kisha anatamka kwa mdomo wake: huyu ni fundi. Asipotamka, unarudi kufagia nyuzi. Nililingojea kochi langu kwa hamu hata nikawa naliota. Likaja kochi letu la sebuleni.

Kaka yangu alikuwa amehitimu chuo kikuu, na Baba alikuwa amealika wageni wa kumpongeza Jumamosi. Hakulileta kochi kwa ajili yangu, alilileta kwa sababu Starehe ana jina. Alinipita pale mlangoni kama mtu anayepita ndoo.

Nilipobandua kitambaa cha zamani nilirudi nyuma. Kwenye kiti alichougulia Bibi mpaka akatutoka, sponji ilikuwa nyeusi, ukiibonyeza inabaki imebonyea. Panya walijenga humo kwa nywele na vipande vya soksi, na vitoto vyao vilikaukia kwenye springi. Nikazoa uchafu wote, nikautupa jalalani, nikaomba sponji mpya. Kesho yake nikaukuta umerudi ndani ya kochi. Starehe aliufuata jalalani kwa miguu yake mwenyewe, akaugeuza, akauvika.

"Kazi yako kitambaa, mwanangu," akaniambia. "Ya ndani niachie mimi."

Nikashona, pua nimeifunga leso. Nilijiambia nikishaitwa fundi nitamnong'oneza Baba, na kochi tutalifungua wenyewe nyumbani. Mshono ulinyooka ajabu.

Baba alikuja amevaa shati jeupe na viatu vinavyong'aa. Alimkuta mama mmoja mjamzito aliyekuja kuchukua kigodoro cha kitanda cha mtoto, kazi ya Starehe mwenyewe. Alikuwa amekikumbatia juu ya tumbo lake. Baba akakaa kwenye kochi, akajitikisa.

"Starehe?"

"Starehe kabisa! Hii ndiyo kazi!"

"Basi kashona binti yako, peke yake. Tamka, mzee mwenzangu, tumpokee."

Baba alitazama kwanza barabarani, kuona nani anapita. Kisha akashusha sauti. "Si haba. Lakini huyu anasubiri chuo."

Kinyaa kilichonipanda hakikuwa cha sponji. Huyu ndiye mtu niliyetaka kumsitiri.

"Baba, naomba uinuke."

"Kuna nini tena?"

Alipoinuka nilichukua wembe, nikapasua kiti kutoka upande hadi upande, mshono wangu wote. Kwanza ikatoka harufu ya waridi. Halafu ikatoka ile nyingine. Kitoto cha panya kilichokauka kikadondokea kiatu cha Baba.

"Ulilipia sponji mpya," nikasema. "Hii ndiyo aliyougulia Bibi."

"Huyu mtoto ana wazimu!" Starehe akapiga kelele. "Kaichafua yeye!"

Nilikuwa namtazama Baba, nikingoja afoke, amkunje yule mtu shati. Alikuwa ameziba pua, macho ameyaelekeza barabarani.

"Shona," akasema polepole. "Shona upesi. Wageni wanakuja Jumamosi."

"Na uchafu huu wa ndani?"

"Nani atauona?"

Muda wote huo nilidhani Baba na Starehe ni watu wawili tofauti. Nikauweka wembe mezani. "Ashone anayeweza," nikasema, nikaanza kuvua aproni.

"Binti, shika wembe wako." Alikuwa yule mama mjamzito. Akaninyooshea kigodoro. "Na hiki kipasue."

"Mama, hicho kipya kabisa, nakuapia!" Starehe akaja mbio, lakini yule mama akasimama katikati yetu, tumbo mbele, na Starehe hakuthubutu kumgusa.

Nikapasua. Mende wakatoka wakikimbia kuelekea mikononi mwangu. Chini ya tabaka jembamba kulikuwa na sponji nyeusi, imekatwa kwenye kochi la mtu mwingine, ingali na nywele zake. Yule mama alitazama viganja vyake, akavifuta kwenye gauni, akavifuta tena.

"Fundi," akaita.

"Naam, mama," Starehe akaitika haraka. Baba naye akageuka.

Yule mama alikuwa ananitazama mimi.

"Fundi, kipya utanishonea lini?"