Kitambaa cha Kompyuta

...na tochi yenyewe nyepesi, betri mbili tu, kuigeuza si kazi, lakini Nzembi aliishika hivyo hivyo ikimulika kushoto, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila vumbi, na fundi Ngigi ameinamia kompyuta iliyovuliwa kifuniko, anapuliza, anakohoa, miwani imemshuka puani, "mwanga uje huku nyuma kidogo, Mama Nzuki," na Nzembi akasema haya, haya, asiusogeze, kwa sababu huko nyuma, kwenye feni, alikuwa ameshauona uzi. Uzi wa kijani, umejizungusha pale katikati mara kumi, mara ishirini, umekaza, feni haiwezi kugeuka hata kidogo, na uzi ni wake, kaununua mwenyewe soko la Gikomba, kakifuma kitambaa cha kuifunika mwenyewe siku tisa, maua meupe, pindo la kijani, vishada vikining'inia nyuma, kwani ni nyumba gani ya heshima hapa mtaani Mbotela ambayo redio hukaa uchi, hata chupa ya chai ina kitambaa chake, sembuse kompyuta, ya kwanza katika chuo hiki cha taipu, na Bwana Andati, mkuu wa chuo, si ndiye aliyekisifu kuliko wote, akasema sasa vumbi la Jogoo Road litakoma. Vumbi lilikoma kweli, na hewa nayo ikakoma, mashine ikachemka kama pasi, ikawa inazima kila baada ya robo saa mpaka jana ikagoma kabisa... kitambaa anacho kwapani, kimekunjwa, kidole kinapapasa pindo, kishada, kishada, halafu hapa pengo, Mungu wangu, si wataliona hili pengo, na Andati kasimama mlangoni anasema, "Fundi, si nilikwambia? Yule msichana aliichosha. Kutwa nzima inawaka, haipumzishwi," na fundi anajibu, "Ngoja kwanza, mzee, sijafika mwisho."

Yule msichana ni Warigia, mwalimu wa kompyuta, yuko nje kwenye benchi tangu saa mbili, na barua ya kumwachisha kazi iko mezani kwa Andati, bado sahihi tu, inangoja neno la fundi, barua safi, haina kosa hata moja, itakosaje kuwa safi na aliyeipiga ni Nzembi mwenyewe, miaka kumi na mmoja anafundisha taipu, vidole havijui kukosea... na akisema sasa, akisema ni mimi, barua ni ile ile, ni kubadilisha jina tu, na Nzuki yuko kidato cha pili, na baba yake Nzuki yuko kaburini, na kodi ya nyumba ya kanju, hawa wa baraza la jiji, haingoji mtu, nyamaza, Nzembi, mdomo uliponza kichwa, fundi ni mtu wa redio, huenda asiuone, huenda aseme imeungua, basi. Woga, ni woga tu huu, nani asiyeogopa? Lakini wakati akiipiga ile barua alikuwa akiimba. Pambio la Jumapili, pole pole, puani. Huo haukuwa woga. Alifurahi, naam, alifurahi kwamba mtoto aliyekuja na cheti chake na kumwachia darasa lenye taipu kumi na wanafunzi wanne, wengine wote wamehamia kompyuta, anakwenda zake. Na huyo mtoto mwezi jana alimjia kwa adabu, "Mama Nzuki, nikitoe kitambaa ikiwa inafanya kazi? Naona inachemka," naye akamjibu mbele ya darasa, "Wewe umekuja jana tu, kazi ya mikono yangu usiiguse," watoto wakacheka, Warigia akainama, hakukigusa tena.

Hakukigusa tena... lakini alijua. Leo asubuhi Andati alipomfokea, umeifanya nini mashine ya watu, Warigia aliangalia kitambaa, akamwangalia Nzembi, Nzembi akadhani ni dharau, kumbe msichana alikuwa na jibu mdomoni na akalimeza, akasema, "Sijui, mwalimu." Alimsitiri. Mtoto wa wenyewe, hana hata mwaka kazini, amekaa juani akimsitiri mwanamke aliyeimba. Aibu ikampanda Nzembi kutoka tumboni mpaka machoni, ikaukuta ule woga, ikaupita.

"Mwanga, Mama Nzuki," fundi akasema mara ya tatu, na Andati akatazama saa, na tochi bado iko kushoto, bado inamulika vumbi, ila Nzembi sasa hakuwa akitafuta pa kujificha, alikuwa akiitafuta sauti yake ya darasani, ile inayofika dawati la nyuma kabisa, maana alitaka yule aliye nje naye asikie uzi huu ni wa nani.